Kivuko kwenye njia ya reli ya zamani: pimeni sekunde kabla ya kununua rangi

Swali: Kikundi chetu cha watu wanaojitolea kimepata idhini ya kugeuza kipande cha reli iliyoachwa kuwa njia ya kutembea na kuendesha baiskeli. Tumefyeka, tumezibua kalvati, na sehemu kubwa sasa inapitika. Tatizo ni barabara tatu zinazoikata njia. Mbili zina magari machache, lakini ya tatu ni ya lami, ina upana wa mita 7 hivi na njia mbili za magari, na magari hukimbia hadi kilomita 80 kwa saa. Upande mmoja kuna kona, kiasi kwamba gari huonekana likiwa limebakisha mita kama 120. Juzi mtoto aliyekuwa akivuka na baiskeli alikoswakoswa. Baadhi yetu wanataka tuchore pundamilia wenyewe. Wengine wanataka tusimamishe nguzo za chuma katikati ya njia na vibao vya kuwaamuru wapita njia wasimame. Mamlaka ya barabara inasema hakuna ajali iliyowahi kuripotiwa hapo. Tuanzie wapi?

Jibu: Hongereni kwa hatua mliyofikia, na hasa kwa hizo kalvati, maana kuzibua mifereji chini ya tuta la reli ni kazi isiyoonekana na wapita njia, ilhali ndiyo inayoamua kama njia itadumu au itamegwa na maji. Ninavyolielewa swali lenu, hofu yenu kubwa ni kwamba njia mliyoifungua kwa nia njema inaweza kuwa ndiyo inayompeleka mtoto mbele ya gari. Hofu hiyo ina msingi, na nawashauri msiifukuze kwa haraka. Hata hivyo, mabishano yenu yamekwenda moja kwa moja kwenye dawa kabla ugonjwa haujapimwa. Mimi nisingeanza na rangi wala nguzo. Ningeanza na saa ya mkononi na futi kamba.

Zingatieni kwanza kwamba makutano haya hayakutengenezwa kwa ajili ya mtu anayetembea. Aliyeijenga reli alitafuta mteremko mdogo na kona pana, kwa kuwa treni haipandi mlima wala haikati kona kali. Barabara ilipojitokeza mbele yake aliikata kwa pembe yoyote iliyomfaa. Kukutana kwa treni na magari kulisimamiwa kwa honi, uzito na kanuni iliyo wazi kwamba gari ndilo linalosubiri. Treni imeondoka, na mahali pake amekuja mtu mdogo, asiye na honi, anayejitokeza kati ya vichaka vilivyoota juu ya tuta, katika sehemu ambayo madereva wamezoea kwa miaka kwamba hapapiti kitu. Kama kibao cha zamani cha kuonya kuhusu treni bado kimesimama, basi kinawazoesha madereva kupuuza alama zote zilizopo hapo, kwa sababu kinaonya kuhusu jambo ambalo halipo. Iombeni mamlaka ikiondoe. Ni ombi dogo na mara nyingi hukubaliwa upesi.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe, ambayo si ngumu. Katika kivuko kisicho na taa za kuongozea magari kuna nyakati mbili zinazoshindana: muda anaouhitaji mvukaji ili afike upande wa pili, na muda anaopewa na barabara tangu gari linapoonekana hadi linapofika pale alipo. Mtu mzima mwenye afya hutembea takriban mita 1.2 kwa sekunde, lakini kivuko hakipimwi kwa mtu huyo. Hupimwa kwa mzee, kwa mzazi anayesukuma kigari cha mtoto mchanga, kwa mtoto anayekokota baiskeli inayomzidi kimo, na kwa watu hao ni busara kuhesabu mita 1 kwa sekunde au hata pungufu. Barabara ya mita 7 basi inataka sekunde 7, na mkiongeza sekunde 3 za kutazama pande zote, kuamua na kuondoka, mnapata 10. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde, kwa hiyo mita zenu 120 ni sawa na sekunde 5 na nusu hivi.

Mvukaji anahitaji 10, barabara inampa 5 na nusu. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kusimama vizuri, akatazama kwa makini, akaona barabara ni nyeupe, akaanza kuvuka, na bado gari likamkuta katikati ya lami bila yeye kufanya kosa lolote. Nasisitiza jambo hili kwa sababu baada ya tukio kama lile la juzi watu wengi huanza kumhubiria mtoto. Mtoto yule huenda alifanya kila alichofundishwa.

Dereva naye tumtendee haki. Katika mahesabu ya kawaida ya usanifu wa barabara, dereva hupewa sekunde 2.5 za kuona, kuelewa na kukanyaga breki, kisha gari huchukuliwa kuwa linapunguza mwendo kwa kiasi ambacho dereva wa kawaida anaweza kukimudu bila kupoteza usukani. Kwa kilomita 80 kwa saa jumla ya umbali mpaka gari lisimame hufika karibu mita 130; kwa kilomita 50 ni karibu mita 65. Kwa hiyo pale kwenye kona yenu hata dereva aliye macho, asiye na simu mkononi, yuko ukingoni mwa uwezo wake. Kuna tofauti nyingine inayosahaulika kirahisi: nishati ya kugonga hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo gari la kilomita 50 hubeba chini ya asilimia 40 ya nishati ambayo gari lilelile lingebeba likiwa kwenye kilomita 80. Ukipunguza mwendo unampa mvukaji muda zaidi, unampa dereva nafasi ya kusimama, na yote mawili yakishindikana unapunguza ukubwa wa jeraha. Sijui kifaa kingine chochote cha barabarani kinachofanya kazi zote tatu kwa pamoja.

Nilichokifanya hapo juu ni makisio yanayotokana na namba mlizonipa. Ninyi pimeni zenu. Mtu mmoja asimame pale mvukaji anapongojea, nje kabisa ya lami, kisha achuchumae mpaka macho yake yawe kimo cha mita moja hivi kutoka ardhini, kwa sababu hicho ndicho kimo cha macho ya mtoto na cha mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu. Mara nyingi hapo ndipo jambo linapojidhihirisha: ukiwa umesimama unaliona gari juu ya majani, ukichuchumaa unaona majani matupu mpaka gari limekwisha kukaribia. Mwenzake aliye ng'ambo ashike saa. Mchuchumaaji aseme "sasa" gari linapochomoza, na saa isimamishwe linapopita mbele yake. Fanyeni hivyo kwa makumi kadhaa ya magari, kila upande, asubuhi, saa za watoto kutoka shule, na jioni jua linapokuwa usoni mwa madereva. Mkimaliza msitafute wastani. Panga namba kuanzia ndogo kwenda kubwa na utazame zile za mwanzo, kwa kuwa anayegonga watu hatoki katika wastani.

Katika kazi hiyo vaeni vizibao vyenye mistari inayong'aa, kaeni nje ya lami, na msijaribu kusimamisha au kuongoza magari. Kazi yoyote inayowafanya mkanyage lami inahitaji kibali na watu waliofunzwa kuongoza magari, hata kama ni ya dakika chache.

Mkiwa na sekunde zenu mkononi, mapendekezo ya wenzenu yanakuwa rahisi kuyapima. Pundamilia iliyochorwa peke yake haiongezi hata sekunde moja kwenye zile 5 na nusu, na haimpunguzi mwendo dereva ambaye hajaiona kwa sababu ya kona. Ripoti ya mwaka 2005 ya idara ya barabara kuu za Marekani ililinganisha vivuko 1,000 vyenye alama na 1,000 visivyo na alama, vyote vikiwa mahali pasipo na taa wala alama ya kusimama kwa magari. Katika barabara za njia mbili, kama hiyo yenu, alama peke yake hazikuonyesha tofauti ya maana katika ajali. Katika barabara za njia nyingi zenye magari zaidi ya 12,000 kwa siku, vivuko vyenye alama tupu vilionekana kuwa na ajali nyingi zaidi. Rangi ina kazi yake pale inapoambatana na hatua nyingine, kwani humwonyesha dereva mahali pa kutegemea mtu. Kuichora wenyewe kwa siri ni jambo jingine kabisa, na hapo naomba niseme bila kuzungukazunguka: msifanye. Barabara ina mwenyewe kisheria, alama zake zina vipimo vyake, na siku mtu atakapogongwa juu ya mistari yenu, swali la kwanza litakuwa ni nani aliyeichora.

Nguzo za chuma katikati ya njia nazo zina sifa kuliko manufaa. Huwekwa ili magari yasiingie, na huko ndiko wazo lilikotoka, lakini mwendesha baiskeli anayemfuata mwenzake kwa karibu haioni nguzo mpaka aliye mbele ameikwepa, na usiku bila mkanda unaong'aa haionekani kabisa. Zaidi ya hayo, nguzo humfanya mtu atazame chini kwenye gurudumu lake wakati uleule ambao macho yake yanatakiwa yawe barabarani. Vizuizi vya kupita kwa kuzungukazunguka ni vibaya zaidi, kwa kuwa humfungia nje mwenye kiti cha magurudumu na mwenye baiskeli ya mizigo. Kama kweli magari yanaingia, na mna ushahidi wa hilo, igaweni njia kabla ya barabara iwe vijia viwili vyembamba vyenye majani mafupi katikati. Dereva wa gari huona hapamfai, na gari la zimamoto au la wagonjwa bado linaweza kupita juu ya majani. Ikilazimu kabisa kuweka nguzo, iwe moja, mbali na ukingo wa lami, yenye mkanda unaong'aa, na ibaki nafasi ya mita 1.5 kila upande wake.

Kuhusu vibao vya kuwasimamisha wapita njia, sivikatai pale panapostahili, na kwenye kona yenu panastahili kwa sasa. Ninachokikataa ni kuviweka kila mahali kwa mazoea. Mtu anayeamriwa kusimama mahali anapoona wazi kwamba hakuna gari mpaka upeo wa macho hujifunza kupuuza kibao, kisha huchukua mazoea hayo mpaka kwenye kivuko cha hatari. Zile barabara zenu mbili zenye magari machache pengine zinahitaji tu alama ya kupisha na vichaka vilivyopunguzwa. Zipimeni kwa saa ileile, na zikitoa sekunde za kutosha msizihangaikie sana.

Jibu la mamlaka kwamba hakuna ajali iliyoripotiwa ni la kweli kwa jinsi lilivyo, ila halijibu mlichouliza. Njia ilikuwa imefungwa, hivyo hakukuwa na wa kugongwa, na waliokoswakoswa hawaendi kuandikisha taarifa popote. Andikeni ninyi. Daftari moja lenye tarehe, saa, hali ya hewa, upande lilikotoka gari na kilichotokea, bila kutia chumvi na bila majina ya watu, lina uzito mkubwa kuliko barua ndefu ya malalamiko. Liambatanisheni na jedwali la sekunde. Mhandisi anayepokea malalamiko kila siku hupata shida kulikataa jedwali ambalo anaweza kulihakiki mwenyewe kwa nusu saa.

Sasa, nini kinafaa pale kwenye kona? Tuzichukue mita 120 kama zilivyo. Magari yakishuka hadi kilomita 50, barabara inatoa sekunde 8.6, bado hazitoshi. Yakishuka hadi 40, inatoa karibu 11, na hapo mvukaji wenu wa sekunde 10 anapita bila ziada kubwa. Kikijengwa kisiwa cha kungojea katikati ya barabara, mtu huvuka nusu moja kwa wakati na kutazama upande mmoja tu, mita 3.5 na zile sekunde 3 za kuamua ni sekunde 6 na nusu. Kwa magari ya kilomita 80 kisiwa peke yake hakitoshi, lakini kikiunganishwa na mwendo wa 50 kinatosha vizuri na kubakiza nafasi ya mtu kujikwaa. Huo muungano wa kisiwa na mwendo mdogo ndio ningeupigania. Mjue kwamba kisiwa chenye manufaa kwa baiskeli hakipungui sana mita 2.5, na ni vizuri zaidi kikifika 3, ili gurudumu la nyuma lisibaki barabarani, kwa hiyo lami yenu ya mita 7 italazimika kupanuliwa. Ni kazi ya ujenzi, ina gharama, na haitafanyika mwezi ujao.

Mwendo nao haupungui kwa kibao kipya cha kilomita 50 juu ya barabara inayoonekana kama ya 80. Dereva huiamini barabara kuliko kibao. Kivuko kilichoinuliwa kama tuta pana la juu bapa hufanya kazi vizuri sana mahali ambapo magari tayari yamepunguza mwendo, lakini kuliweka ghafla baada ya kona ambayo watu huichukua kwa kilomita 80 ni kuhamisha ajali kutoka kwa mvukaji kwenda kwa mwenye pikipiki. Kabla yake lazima barabara ianze kubanwa na kuonywa hatua kwa hatua. Taa za manjano zinazomemeteka mvukaji anapobonyeza kitufe husaidia, mradi moja iwekwe kabla ya kona ili ionekane mapema, na mradi mtu fulani awe na jukumu la kuzitunza. Taa iliyokufa ni hatari kuliko kutokuwa na taa, kwa sababu anayebonyeza hudhani ameonekana.

Kuna pia uwezekano wa kusogeza kivuko mbali na kona. Kwa kilomita 80, kila mita 22 mnazosogea huongeza sekunde moja, na hilo ni jambo kubwa. Tahadhari mbili: hakikisheni hamwibii upande wa pili kile mnachouongezea upande huu, na kumbukeni kwamba watu hawapendi kuzunguka. Ukiwaambia watembee mita 60 kando ili wavuke, wengi watakata palepale pa zamani, isipokuwa njia yenyewe ianze kupinda mapema na pale pa zamani pafunikwe na miti au uzio. Kama mahali pengine kwenye reli hiyo kuna daraja la zamani ambalo barabara inapita chini au juu yake, lilindeni kwa nguvu zote lisibomolewe, kwani hicho ni kivuko kisichohitaji sekunde hata moja.

Wakati mamlaka inatafakari, mna kazi nyingi upande wenu wa mpaka. Kwa idhini ya mwenye hifadhi ya barabara, punguzeni vichaka vya ndani ya kona visizidi kimo cha sentimita 60, na matawi ya miti yapandishwe hadi juu ya mita 2.4, kisha mpime upya; kila mita 10 za kuona mnazopata ni karibu nusu sekunde kwa magari ya kilomita 80. Ipindeni njia katika mita zake za mwisho ili ifike barabarani kwa pembe mraba. Njia inayokata lami kwa nyuzi 45 huzigeuza mita 7 kuwa karibu 10, yaani sekunde 3 za ziada, tena humlazimisha mvukaji kugeuza shingo mpaka nyuma ya bega ili aone upande mmoja. Kupinda huko pia kunampunguza mwendo mwendesha baiskeli bila kumwamuru. Sawazisheni eneo la kungojea liwe bapa, ili kiti cha magurudumu kisiteleze chenyewe kuelekea magari, na mita chache za mwisho ziwe na lami au zege, maana kokoto zikisambaa barabarani huangusha baiskeli na pikipiki. Vyuma vya reli vilivyobaki ndani ya lami vina mfereji kando yake unaotosha kabisa kumeza tairi jembamba la baiskeli. Viombeeni viondolewe au mfereji uzibwe.

Yapo mambo ambayo maandishi ya mtu asiyefika hayatoshi. Kona yenyewe inahitaji mhandisi wa usalama barabarani aje aione kwa macho, kwa sababu mteremko, hali ya lami na mvua hubadilisha zile mita 130. Madaraja yote ya reli mtakayopitisha watu yakaguliwe na mhandisi wa miundo kabla ya kufunguliwa, hata yanayoonekana imara. Udongo wa tuta uchunguzwe kabla ya kuchimba, kwani kandokando ya reli nyingi kulimwagwa dawa kali za kuua magugu na majivu ya makaa ya mawe. Mataruma ya reli yaliyopakwa kreosoti, dawa yenye sumu ya kuhifadhi mbao, msiyachome moto wala kuyageuza mabenchi ya kukalia watoto. Mwanasheria naye aisome ile idhini mliyopewa, aone kama inahusu ardhi yote hadi ukingo wa barabara, na bima ya nani inawagusa watu wenu siku za kazi.

Mpaka mhandisi afike, mimi nisingeifungua njia nzima. Fungueni vipande viwili vilivyo salama, kimoja kila upande wa barabara ya kona, na kila kimoja kiishie mahali pa kugeuzia palipo wazi, chenye kivuli na ramani, mita za kutosha kabla ya barabara ya kona, ili mtu asijikute amefika kwenye lami ndipo aelezwe kwamba pamefungwa. Njia ya reli kati ya Bristol na Bath nchini Uingereza, iliyojengwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea, ilifunguliwa vipande kwa vipande kati ya mwaka 1979 na 1986, na kila kipande kilileta watumiaji walioomba kinachofuata. Nanyi watumiaji wa vipande viwili vya kwanza wahesabuni kila wiki, kwa saa zilezile, kwa sababu mamlaka ikishajibu hoja ya sekunde, swali lake la pili litakuwa ni watu wangapi watavuka hapo.